Rangi ya Arusi

Nyumba ya Alexander arap Tanui ilikuwa nzima kabisa mpaka siku Chifu arap Yegon alipoitazama. Kabla ya hapo watu walikuwa wakiisifu. Ilikuwa nyumba ya mbao na mabati, ya kwanza katika kilima kile kilicho juu ya soko la Litein, na ilipojengwa wazee walikuja kuigonga kwa fimbo ili wasikie mlio wake. Kweli, mvua ya upande wa Kericho haijui likizo. Mbao zilikuwa zimekuwa nyeusi, na kuvu ya kijani ilikuwa imepanda mpaka madirishani. Paa pia lilivuja. Lakini lilivuja upande wa kitanda anakolala mke, kwa hiyo mwenye nyumba hakuwa ameona haraka yoyote.

Chifu alishuka kwenye baiskeli, akavua kofia ya serikali, akaitazama nyumba kama mtu anayetazama maiti asiyemjua vizuri.

"Alexander," akasema, "hii nyumba imechoka."

"Imechoka? Mbona mimi naingia na kutoka?"

"Imechoka, nakwambia. Kamati ya chai iko njiani. Na Bwana Kilimo haangalii shamba kwanza, anaangalia nyumba. Akiona mtu anakaa kizamani, anajua miche itamfia. Itie rangi, ndugu yangu. Ama uache chai kwa wenye uwezo."

Hapo ndipo kisu kilipogusa mfupa. Miaka yote hiyo watu wa vilima vile walikuwa wakichuma chai ya Mzungu. Migongo yao ilijua uzito wa kikapu, na vidole vyao vilikuwa vyeusi kwa utomvu. Kuchuma, ndiyo, kupanda, hapana, mtu mweusi angeiharibu. Sasa serikali ilikuwa imegundua ghafla kwamba mtu mweusi ana mikono. Miche ingetolewa, ila kwa kuanzia kila kilima kingepata mkulima mmoja tu, awe mtu wa kisasa, Mkristo, mwenye mke mmoja. Katika kilima kile jina la kwanza lilikuwa la Alexander. La pili lilikuwa la ndugu wa Chifu. Chifu hakumtaja ndugu yake hata kidogo. Ndugu wa chifu hana haja ya kutajwa.

"Nitaitia rangi," alisema Alexander, na Chifu, ambaye alijua vizuri kwamba hakuna hela katika boma lile, akapanda baiskeli yake huku akipiga mluzi.

Chepkemboi, mkewe, alikuwa jikoni akisugua kibuyu cha maziwa kwa mkaa. Alimsikiliza mpaka mwisho bila kuinua kichwa.

"Nyumba haitaki rangi," akasema. "Inataka bati moja, pale juu ya kichwa changu."

"Mama Chepchumba, bati jipya halionekani kutoka barabarani."

"Maji yanaonekana kutoka kitandani."

"Kwani kamati itakuja kulala kitandani?"

"Basi na waje walale, waone vile mimi hulala na sufuria kifuani."

Walibishana hivyo mpaka ugali ukaiva. Alexander hakuwa mtu mbaya, tusimsingizie. Alikuwa mtu aliyekuwa ameona chai ikikua miaka yote ng'ambo ya seng'enge, na hamu ilikuwa imemkaba koo. Maksai wake wawili walikuwa wa kulima, hawauziki. Ng'ombe wa kuuzwa alikuwa mmoja tu, naye alikuwa wa Chepkemboi, mzao wa yule ng'ombe aliyepewa na baba yake siku alipoolewa.

Sasa elewa jambo hili, maana hapa ndipo balaa ilipotoka. Mkipsigis humwita ng'ombe kwa rangi yake, na rangi za ng'ombe ni nyingi kuliko maneno ya Kiswahili ya kuzitaja. Ng'ombe wa Chepkemboi alikuwa *arus*. Si wa buluu, na si wa majivu pia. Ni ile rangi ya wingu linapokaribia kuangusha mvua. Kwa lugha yao neno lenyewe linatosha, mtu akilisema unamwona ng'ombe.

Mwishowe Chepkemboi akasema, "Muuze. Ukikosa chai utanilaumu mpaka kaburini, nakujua. Lakini kama ng'ombe wangu anaingia ukutani, basi ukuta uwe arus. Nikitoka asubuhi nimwone."

"Arus itakuwa," alisema Alexander upesi, vile wanaume hukubali kitu ambacho hawajauliza bei yake.

Duka la rangi Litein lilikuwa la Mureithi, Mkikuyu aliyefika huko kabla ya Hali ya Hatari na ambaye sasa alikaa kwa pasi, kile kibali cha serikali. Pasi hiyo aliiweka kwenye mfuko wa shati, karibu na moyo, na alikuwa akiipapasa kila alipoona kofia ya serikali. Aliuza sukari, misumari, blanketi na rangi. Nyuma ya blanketi palikuwa na mikebe ya rangi ambayo memsahib mmoja wa shamba la juu aliagiza, kisha akarudi kwao Ulaya kabla haijafika. Mureithi aliiombea mikebe ile mnunuzi kila Jumapili.

Nyumbani Alexander alisema Kipsigis kitamu. Dukani ilibidi aseme Kiswahili, na Kiswahili hakikuwa rafiki yake.

"Chambo, Mureithi."

"Jambo, mzee. Nikusaidie?"

"Nataka rangi ya nyumpa. Ya nje. Nataka rangi ya arus."

Uso wa Mureithi ulichanua. "Ya arusi! Kumbe kuna mambo na hamtuambii! Hongera sana, mzee."

"Asande," alisema Alexander, akidhani anapongezwa kwa kutia nyumba rangi.

"Na hiyo arusi ni ya nani? Ya msichana?"

"Hapana. Msichana pado ni mtogo. Ni ya mama."

"Ya mama?" Mureithi alishusha sauti. "Mama gani?"

"Mama ya nyumpa. Hii ni ya pili. Ile ya kwanza ilizeeka."

Mureithi alimtazama mzee yule wa kanisa, mwenye Biblia na mke mwema, akimsema mkewe hivyo mbele ya mifuko ya sukari bila hata kupepesa macho. Roho ilimuuma. Lakini roho ya muuza duka huuma kidogo tu. Alienda nyuma ya blanketi akarudi na mikebe yote ya memsahib, akaipangusa vumbi.

"Rangi ya arusi yenyewe ndiyo hii," akasema. "Kutoka Ulaya."

Mikebe ilikuwa imefungwa kwa bati, na maandishi yake yalikuwa ya Kiingereza. Alexander aliibeba kichwani kama aliyepewa urithi.

Fundi alikuwa Oyoo, Mluo mchangamfu aliyekuwa akipaka nyumba za kampuni ya chai. Kule rangi haijadiliwi. Unaonyeshwa ukuta na mkebe, basi. Alexander alimwachia kazi asubuhi, akaenda kwenye zamu yake ya kuchuma.

Chepkemboi alimletea Oyoo chai kabla mkebe haujafunguliwa.

"Mama, nasikia hii ni rangi ya arusi," alisema Oyoo, apate la kuongea.

Chepkemboi alisikia jina la ng'ombe wake. "Ndiyo," akasema. "Ni arus." Akafuta machozi kwa ncha ya leso na kuondoka kwenda mtoni, kwa sababu hakutaka kulia mbele ya fundi.

Oyoo alibaki ameshika kikombe. *Maskini, mke wa kwanza,* akawaza. *Na bado amenipikia chai.* Akakunja mikono ya shati na kuipaka nyumba ile kwa huruma nyingi, ukuta wa mbele mara mbili. Rangi iliisha kwenye ukuta wa tatu. Ukuta wa nyuma ukabaki vilevile, mweusi na kuvu yake. Njiani kwenda kwake kila aliyemuuliza atokako alijibiwa: "Kwa arap Tanui, kuna arusi. Anaongeza mke. Yule wa kwanza analia tu."

Alexander aliporudi jioni alisimama langoni akadhani amepotea boma. Nyumba yake ilikuwa ya pinki. Si pinki ya haya, bali ile ya ufizi wa mtoto asiye na meno. Ndama walikuwa wamekataa kupita karibu nayo. Chepkemboi alikuwa amekaa chini kwenye majani, mikono magotini.

"Hii ni nini?" aliuliza Alexander.

"Ni ng'ombe wangu," alisema Chepkemboi. "Mmemchuna ngozi."

Alexander alishuka mbio mpaka dukani.

"Nilisema arus! Arus! Rangi ya ng'ombe!"

"Na mimi nikakupa ya arusi," alisema Mureithi. Kisha pole pole akaelewa, akashika kichwa. "Wuuui! Ng'ombe? Ile ya kwanza iliyozeeka ni ng'ombe? Na soko zima linasema unaongeza mke!"

"Ni ngompe! Waambie watu!"

"Mzee wangu, sikiliza. Rangi ikifunguliwa hairudi. Na habari ikifunguliwa pia hairudi. Nikianza kuzunguka soko nikisema nilikosea, kesho itakuwa Mkikuyu anatapeli watu." Akapapasa mfuko wa shati. "Mimi ninakaa hapa kwa kikaratasi. Nihurumie."

Habari ilikuwa imekwisha kupanda vilima. Jumapili, kanisani, akina mama walimpisha Chepkemboi kwenye benchi kama mgonjwa. Mmoja alimpa mayai. Mwingine alimnong'oneza kwamba hata Sara aliyavumilia ya Hajiri. Chepkemboi alieleza habari ya ng'ombe mpaka akachoka, na kadiri alivyoeleza ndivyo walivyomsikitikia. Walisema wao kwa wao kwamba uchungu umemfanya aongee juu ya ng'ombe. Upande wa wanaume hakuna aliyekaa karibu na Alexander, isipokuwa ndugu wa Chifu, aliyemsalimia kwa furaha kubwa na kumuuliza habari ya shamba.

Kamati ilipanda kilima kwa Land Rover. Alikuwemo Bwana Kilimo, Mzungu kijana mwenye soksi ndefu, pamoja na Chifu na Mchungaji Naftaly, aliyewekwa kwenye kamati ili athibitishe tabia za watu. Bwana Kilimo alishuka, akaiona nyumba, akaweka mkono kifuani.

"Mzuri sana!" akasema. "Sawasawa na nyumba ya shangazi yangu Ulaya!"

Alexander alianza kupumua. Udongo ulipimwa, ukapita. Mteremko ulitazamwa, ukapita. Nyuma ya nyumba hakuna aliyefika. Ndipo Chifu akamsogelea Mzungu na kumwambia jambo sikioni, na ile furaha ya shangazi ikazimika.

"Wewe," alisema Bwana Kilimo. "Mimi nasikia wewe nataka oa bibi ya pili. Chai hapana taka bibi mbili. Chai nataka mtu kichwa moja."

"Hapana, Pwana! Si arusi. Ni arus!"

"Ndiyo, mimi nasema hiyo hiyo. Arusi."

"Si arusi, ni arus! Ngompe!"

"Anasema ng'ombe wa mahari wako tayari," alitafsiri Chifu kwa upole.

Mchungaji Naftaly, ambaye alikuwa Mkipsigis na alielewa kila kitu, alifungua mdomo. Lakini Alexander alikuwa ameona kalamu ya Mzungu ikishuka kuelekea jina la pili. Hofu ilimwingia, na mtu akiingiwa na hofu hushika chochote kilicho karibu. Akamshika mkewe mkono.

"Arusi ni yangu na huyu!" akapiga kelele. "Huyu huyu! Tulioana kwa ngompe tu, zamani. Sasa tunataka ya kanisa. Ya pete!"

Chepkemboi alimgeukia mumewe taratibu, lakini Mchungaji alikuwa amekwisha kuinua mikono mbinguni.

"Bwana asifiwe! Miaka mingapi nimewaambia? Miaka mingapi! Leo amekiri mwenyewe!" Na lile la ng'ombe alilokuwa karibu kulisema akalimeza, likarudi tumboni, maana kanisa halikuwa limefungisha ndoa tangu mavuno yaliyopita.

Bwana Kilimo alifikiri, akapiga muhuri wa maneno: "Haya. Kama iko arusi, iko miche. Kama hapana arusi, miche nakwenda kwa namba mbili." Alipeana mkono na Alexander, na Mchungaji, na Chifu. Chepkemboi alikuwa amesimama palepale, mkono wake tayari ameunyosha. Land Rover ikawaka.

Kumbe arusi ya pete ina mambo. Mchungaji alirudi jioni ileile kueleza. Ndoa ingetangazwa kanisani Jumapili tatu. Na mpaka hapo, kwa kuwa sasa ni wachumba, hawawezi kulala chini ya paa moja.

"Lakini tuna watoto!" alisema Alexander.

"Nao watasamehewa," alisema Mchungaji.

Alexander alihamia banda la ndama. Asubuhi alikuwa akitoka humo na majani kichwani, akipita mbele ya nyumba yake ya pinki kwenda kuchuma chai, na wachumaji wenzake walimwimbia nyimbo za bwana arusi mpaka mwisho wa mstari. Chakula alipewa mlangoni, kwenye sahani ya wageni. Chepkemboi alimkaribisha kwa adabu yote, akamuuliza kama kwao hawajambo.

"Mama Chepchumba, usinichekeshe. Mgongo unaniuma."

"Pole, mgeni."

"Lakini umekubali, sivyo? Mambo ni mazuri? Hii chai ni yetu sote."

"Chakula kinapoa," alisema Chepkemboi, na kufunga mlango.

Usiku ule mvua ilinyesha. Bila mume kitandani, Chepkemboi alivuta godoro upande wa pili, ule wa mwenye nyumba. Alilala pakavu, kwa mara ya kwanza tangu bati lile litoboke, na asubuhi aliamka akiwa na hasira zaidi kuliko alivyolala.

Jumapili ya kwanza tangazo lilisomwa, watu wakacheka chini chini. Ya pili, wakapiga makofi. Jumapili ya tatu kanisa lilijaa mpaka madirishani. Chifu alikaa benchi la mbele na ndugu yake, wamevaa makoti. Wanaume walikuwa upande wao na wanawake upande wao.

"Kwa mara ya tatu na ya mwisho," alisema Mchungaji Naftaly, "natangaza ndoa ya Alexander arap Tanui na Rakeli Chepkemboi. Kama yuko mtu mwenye sababu ya kuwazuia hawa wawili, aseme sasa."

Akafumba Biblia, kwa sababu swali lile halijapata kujibiwa tangu kanisa lijengwe.

"Mimi ninayo," ilisema sauti kutoka upande wa wanawake.

Chepkemboi alikuwa amesimama.

"Mama Chepchumba," alisema Mchungaji, "keti. Wewe ndiye bibi arusi."

"Najua. Na sababu ninayo. Sijaulizwa."

Kanisa likavuma kama mzinga uliopigwa teke. Chifu alikuwa amesimama tayari. "Mchungaji, umesikia. Mama amekataa. Iandikwe amekataa, mambo yaishe."

"Sijakataa, Chifu. Nimesema sijaulizwa. Kaa chini, hii si baraza." Chifu akakaa, bila kujua kwamba amekaa. "Nilipoolewa mara ya kwanza aliulizwa baba yangu. Sikulaumu, ndiyo desturi. Lakini hii mnaiita ya kisasa. Chifu ameuliza nyumba. Bwana Kilimo ameuliza chai. Wewe, Mchungaji, umeuliza kanisa zima mara tatu, mpaka wale waliokaa madirishani. Mimi ameniuliza nani?"

Alexander alitazama makoti mawili ya mbele, akaona ndugu wa Chifu ameanza kutabasamu. Aliinuka. Kutoka benchi la wanaume mpaka la wanawake si mbali, lakini hakuna mwanamume aliyewahi kuvuka pale ibada ikiendelea, na kila mguu wake ulisikika. Alisimama mbele ya mkewe na jani la banda likiwa bado kwenye ukosi wa shati lake.

"Mama Chepchumba," akasema, "utakubali?"

"Kufanya nini?"

"Kuwa mke wangu."

"Hiyo kazi ninayo tayari. Nikiwa mke wa pete nitafanya nini zaidi?"

Alexander alitafuta jibu zuri, hakulipata, akatoa la kweli. "Utachuma chai."

Wanawake walipasuka kwa kicheko. Chepkemboi hakucheka.

"Ya nani?"

Kicheko kikakatika. Hata watoto waliokuwa wakilia mgongoni walinyamazishwa. Alexander alifikiria kilima chake chote kikiwa kijani, mistari kwa mistari, jinsi alivyokiota miaka yote ile ng'ambo ya seng'enge, na katika ndoto hiyo mtu aliyesimama katikati ya chai alikuwa yeye peke yake.

"Yetu," alisema kwa sauti ndogo.

"Yetu ni neno kubwa. Hata ng'ombe alikuwa wetu mpaka siku ya kuuzwa. Ya nani?"

"Nusu ni yako."

"Wa dirishani hawajasikia."

"Nusu ni yako!" alipaza Alexander, na sauti ikamkatika katikati.

"Na pesa ya hiyo nusu?"

"Utapokea kwa mkono wako."

"Mchungaji ni shahidi?"

"Mimi ni shahidi," alisema Mchungaji haraka.

"Na Chifu?"

Chifu alitazama kofia yake magotini. Ndugu yake alikuwa ameacha kutabasamu. Kanisa zima lilikuwa limewageukia, upande huu na upande ule.

"Nimesikia," alisema Chifu.

Chepkemboi alikunja leso yake vizuri, akaketi.

"Endelea, Mchungaji," akasema. "Sababu imeisha."